Tupeane uzoefu: mkopo wa stashahada katika fani za kipaumbele ulikufikisha wapi?

Mwanzisha mada: Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania ilipofungua dirisha kwa stashahada za afya, elimu, usafirishaji, nishati na madini pamoja na kilimo, tumezoea kutajiwa idadi ya waliopata. Naomba tuupime mkopo huu kwa waliomaliza na walikofikia.

Tabibu: Umenikumbusha mbali. Chuo sikitaji. Asubuhi ya mtihani wa vitendo, nikiwa nimeshavaa koti jeupe na kipimo cha mapigo shingoni, mhasibu alipita kwenye foleni na orodha yake akitutoa wote tuliokuwa tunadaiwa, ingawa sisi wa mkopo tulikuwa tumeshasaini ada ilipwe na Bodi na kilichosubiriwa ni fedha kusoma kwenye akaunti ya chuo. Mama aliuza kwa bei ya hasara mahindi aliyokuwa ameyaweka ya chakula, akanitumia kwa simu, nami nikaingia na kundi la mwisho. Mkopo ulipofika, kurudishiwa fedha za mama ikawa kesi nyingine.

Mdau: Naafiki, hata kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi Umeme: Watu wa afya mnajiona ninyi tu ndio mliosoma. Mimi ada ililipwa vizuri, nilichokosa ni buti, ovaroli na nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo.

Tabibu: Ndugu, nimesimulia yaliyonipata, sikushindana na mtu.

Mdau: Je, mama alirudishiwa mahindi yake?

Tabibu: Alirudishiwa fedha, bei ikiwa imeshapanda.

Mkunga: Tuyaache mahindi kidogo. Zahanati ya kijijini kwetu ina mhudumu mmoja, nami nina stashahada na bado najitolea nikisubiri tangazo la ajira. Uhitaji uko wodini, nafasi haiko kwenye bajeti. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara. Mimi nikatwe kwenye mshahara upi?

Mkufunzi: Wadogo zangu, kabla ya kuomba mkopo, hakikini mapema vyeti vya kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na msichague fani kwa sababu tu ina mkopo.

Fundi Umeme: Mwalimu, mtoto wa mkulima achague isiyo na mkopo alipiwe na nani? Chagueni yenye mkopo, mapenzi yatakuja baadaye.

Mdau: Basi someni kilimo, ukikosa ajira, unalima.

Bwana Shamba: Nimekisoma. Shamba unanipa wewe?