Naomba ushauri: baiskeli ya Kiitaliano ya miaka ya 1980, vipuri nusu vya zamani nusu vya kisasa

Mpanda Mlima

Wakuu, habari za muda huu. Mjomba kaniachia baiskeli yake ya mashindano. Stika zimefutika zote, imebaki nusu ya ile ya njiwa wa Columbus, watengeneza mabomba ya fremu, kwenye bomba la kiti, na masikio ya nyuma, pale gurudumu linapofungwa, yameandikwa Campagnolo, kampuni ya vipuri ya Italia. Nyekundu iliyopauka, kromu ya foko ina vipele vya kutu. Ni chuma, lakini ukiinyanyua unashangaa ilivyo nyepesi.

Direla ya nyuma, ile inayohamisha cheni, ni Campagnolo Nuovo Record, krenki (mikono ya pedeli) ni Campagnolo, mikono ya gia iko kwenye bomba la chini. Magurudumu yake yamekufa: rimu zimepinda, tena ni zile za tairi za kubandika kwa gundi. Ninayo magurudumu ya kisasa yenye kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya Shimano ya gia 8, na usukani niliotoa kwenye baiskeli nyingine.

Nimekwama hapa:

Gurudumu la nyuma haliingii. Kati ya masikio nimepima milimita 126, habu (kitovu cha gurudumu) ina 130.

Kikombe cha ekseli ya pedeli, upande wa cheni, hakifunguki. Nilisoma kwamba upande huo hesi zake ni za kinyume, kwa hiyo nazungusha kufuata saa. Nimechomeka bomba la mita nzima kwenye spana, nimelikalia, hakuna kitu. Na ekseli mpya ya katriji, ile iliyofungwa pamoja na beringi zake, nilishanunua.

Usukani unateleza. Nikipita kwenye shimo, unainama mbele. Nimekaza bolti mpaka inalia.

Halafu rangi, nipake upya au niiache? Fundi mmoja kasema nitupe vyote nifunge vipya, mwingine kasema nisiguse chochote. Nimsikilize nani? Nawasilisha.

Gololi

Mkuu pole, ila nimecheka. Siku zote hizo umekuwa ukikikaza.

Hesi za kinyume upande wa kulia ni za Kiingereza. Waitaliano pande zote mbili ni za kawaida, unafungua kinyume cha saa. Chukua rula upime upana wa lile bomba fupi linalobeba ekseli. Ukipata milimita 70 ni Kiitaliano, 68 ni Kiingereza. Usiamini stika ya njiwa peke yake, Columbus waliuza mabomba kwa watengenezaji wengi, na si wote walikuwa Waitaliano.

Kama ni 70, hiyo katriji uliyonunua huenda si yake. Kikombe cha Kiitaliano kina kipenyo cha milimita 36, cha Kiingereza hakifiki 35. Chomeka kwa mkono: ikizama bila kushika hesi hata moja, irudishe dukani.

Sasa kukifungua. Kwa vile hesi ni za kawaida upande wa kulia, mwendo wa pedeli wenyewe hukilegeza kikombe, ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa wanakikaza kwa hasira. Na wewe umeongezea. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, ukiweza yapitishie pia kwa ndani kupitia bomba la kiti, iache siku mbili. Sehemu ya kushika spana ni nyembamba, ikiteleza mara moja imeisha. Pitisha bolti ndefu katikati, weka washa kubwa, ibane spana kwenye kikombe isichomoke. Ndipo uvute, KINYUME cha saa.

Mpanda Mlima

Nimepima sasa hivi. 70 kamili. Naomba mtu asimwambie mjomba.

Mzee wa Spoku

Kijana, hilo la 126 na 130 lisikunyime usingizi. Fremu za gia 6 na 7 zilikuwa 126, kuanzia gia 8 wakahamia 130. Tofauti ni milimita 4, yaani 2 kila upande. Chuma kinakubali. Ingekuwa alumini au kaboni ningekwambia usiguse.

Wengi hupanua kwa vidole gumba, wanachomeka gurudumu, wanaondoka. Inafanya kazi, ila kila pancha unapigana nayo. Bora ipanuliwe ikae hapo moja kwa moja. Usivute pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ulio laini ndio utakaohama na mwingine utabaki pale pale. Vuta upande mmoja, pima, kisha wa pili.

Kupima tumia uzi. Funga kwenye sikio la kushoto, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi kwenye sikio la kulia, uvutwe ukakamae. Halafu pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Mwisho peleka kwa fundi mwenye vyuma vya kunyoosha masikio yatazamane sawasawa, maana ukipanua huwa yanaenda upande.

Gia usiogope. Mikono yako ya zamani haina vituo, unasogeza mpaka cheni itulie. Haijui kama nyuma kuna sproketi 6 au 8, wala kama ni za Shimano. Cheni nunua ya gia 8. Kaseti tu usichukue yenye sproketi kubwa mno, Nuovo Record ukipita meno 26 inaanza kulalamika.

Kale ni Dhahabu

Mimi napinga. Kaseti ya Shimano kwenye fremu ya Campagnolo ni kuvaa kanzu na raba. Tafuta habu za wakati ule, friwili ya kusokota (sproketi zinazofungwa kwa hesi kwenye habu), rimu za gundi. Ndivyo ilivyozaliwa.

Binti Pedeli

Kaka, raba zinakimbia. Yeye anataka kuiendesha, hajasema anaipeleka makumbusho. Na tairi za gundi umewahi kuziba pancha yake? Unafumua mshono, unaziba tyubu, unashona tena kwa sindano.

Mpanda Mlima, rudi kwenye usukani, hilo ndilo la kukuvunja meno. Stemu, yaani shingo inayoshika usukani, nyingi za Kiitaliano zinabana usukani wa milimita 26.0. Nadhani wako ni 25.4. Pima kwa venia, kile kipimo cha taya, si kwa rula. Hiyo nusu milimita huimalizi kwa kukaza, unaipasua stemu tu. Tena Cinelli za zamani zilikuwa 26.4, kwa hiyo pima stemu pia kabla ya kununua.

Ningekuwa wewe ningenunua usukani na stemu mpya pamoja. Shingo ya stemu iwe 22.2, ile ya kuzama ndani ya foko. Alumini ya miaka 40 ambayo hujui ilianguka mara ngapi haitoi taarifa kabla ya kukatika. Krenki nazo zisugue zing'ae, kisha mulika tochi pale mkono wa kulia unapokutana na matawi ya kubeba sproketi. Krenki hizo hupasuka hapo. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, tundika ukutani.

Gololi

Nimesahau: ukinunua katriji ya Kiitaliano, ulizia ncha za ekseli. Kuna viwango viwili vya ncha za mraba: krenki za Campagnolo za enzi hizo ni za ISO, ekseli nyingi za Kijapani ni JIS. Ukichanganya, krenki inakaa nje kama milimita 4 na nusu na cheni haiendi sawa.

Mzee wa Spoku

Rangi iache. Kromu sugua na karatasi ya alumini ya jikoni, ikunje, ichovye maji, usugue polepole. Vipele vitatoka, mashimo yatabaki.

Mpanda Mlima

Wakuu, mrejesho. Kikombe kimetoka jana usiku. Siku mbili za mafuta, bolti na washa kama alivyosema Gololi, kikalia "ka!" nikadhani nimevunja fremu. Ndani kulikuwa na grisi ngumu kama nta, na gololi moja ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Usukani ni 25.4 kweli, nimeutoa. Krenki nimesugua, nimemulika, sioni mstari. Nikamulika na ndani ya fremu pale chini, nikakuta mabomba yana migongo inayozunguka kama hesi kubwa. Ni ufa, au ndivyo yalivyo?

Mzee wa Spoku

Ndivyo yalivyo. Hiyo ni Columbus SLX, aina ya mabomba yao, waliweka migongo hiyo kuimarisha sehemu ya pedeli. Kijana, mjomba wako alikupenda. Tuma picha.