Mrejesho: boti ya V8 iliyokuwa ikinywa petroli

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza kwa nini boti yetu ya zamani ya kuvuta watu wa wakeboard (ubao wa kuteleza juu ya maji) kule Tudor, Mombasa, injini V8 ya lita 5.7 yenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), inamaliza tangi upesi hivyo.

Aliyesema tufungue plagi (zinazotoa cheche) kwanza, Mungu ambariki. Zilitoka nyeusi tii, masizi makavu yanayopaka vidole: petroli nyingi, hewa kidogo. Fundi akaishika choki, kilango kinachobana hewa injini ikiwa baridi. Imeganda kwa kutu ya chumvi, haifunguki yote hata injini ikipata moto. Ndani ya kabureta, sindano ya floti (kielea kinachofunga mafuta yakitosha) imelika, mafuta yanapita tu. Kusafisha, kubadilisha sindano na gasketi, kupima floti upya. Sasa silensa (mzunguko wa injini bila kuongeza mafuta) imetulia na harufu ya petroli imekwisha.

Kuhusu wazo la kufunga kabureta ya gari kwa sababu ni bei rahisi: hapana, tafadhalini. Ya boti ikifurika humwaga mafuta ndani ya injini. Ya gari yaweza kumwaga nje, na mvuke ukijikusanya ndani ya boti, chini ya sakafu, cheche moja inawaunguza watu.

Bado inakunywa, hasa tukijaza maji ndani ya boti kuongeza uzito ili wimbi la nyuma likue. Hiyo ni kazi yake.