Doa jeupe kwenye gego la mtoto, dokta hataki kuliziba halafu anatuomba tuingie kwenye utafiti

MamaWawili:
Wakuu habari zenu, naombeni mwenye uelewa anisaidie maana usiku wa pili huu silali vizuri. Mwanangu ana miaka 7, yale magego ya kwanza ya ukubwani yameshatoka yote manne. Juzi nilimpeleka kukaguliwa tu, hana maumivu wala nini, dokta akamkausha jino kwa hewa kwa muda kidogo akaniita nione, kweli kuna kidoa cheupe kama chokaa pembeni ya mfereji wa gego la chini. Akasema huo ndo mwanzo wa kuoza. Mi nikajua sasa atatoboa, ataziba, tutaondoka, akasema hapana, hilo halitobolewi.

Halafu akanipa karatasi za utafiti. Watoto watagawanywa makundi mawili, kundi moja linapakwa vanishi ya floraidi, yaani dawa ya madini ya kukinga meno inayogandia juu ya jino, kila miezi 6, lingine linafunikwa ile mifereji ya magego kwa utomvu wa kinga, kama plastiki laini inayogandishwa juu ya jino, watafuatiliwa miaka 3. Nikauliza wangu atakuwa kundi gani, akasema hata yeye hajui, kompyuta ndo inapanga. Sasa hivi kweli uozo unauona kwa macho halafu unauacha? Na huku kupangwa na kompyuta si kumfanya mtoto panya wa majaribio? Baba yake hataki hata kusikia, mi niko katikati.

DaktariWaWadogo:
Dada pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujasaini. Mimi ni daktari wa meno, natibu watoto.

Tuanze na doa. Kuoza hakuanzii kwenye tundu, tundu ni mwisho wa safari ndefu. Bakteria kwenye ukoga wakipata sukari wanatoa asidi, asidi inayeyusha madini ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, mate yakija yanarudisha madini, ni vuta nikuvute ya kila siku. Ikizidi kuvutwa upande wa asidi enameli inabaki na vitundu vidogo mno ndani wakati juu bado pamefunga. Vitundu hivyo vikijaa maji doa halionekani, ukivikausha kwa hewa ndo weupe unatokea, ndiyo maana dokta alikausha. Kuna kipimo tunatumia duniani kinaitwa ICDAS, kinaanzia 0 jino zima mpaka 6 shimo kubwa. Doa linaloonekana baada ya kukausha tu ni 1, likionekana hata jino likiwa na maji ni 2. Wa kwako kwa unavyoeleza yuko hapo chini, na hapo madini yanaweza kurudi au doa likasimama lisiendelee. Ukitoboa umeondoa jino ambalo lingepona, na kizibo chochote siku moja kitahitaji kubadilishwa, kila mara tundu linapanuka kidogo. Kwa hiyo hajaacha kutibu.

Na kama alimchokonoa na kile chuma chenye ncha kali mwambie asirudie, zamani tulifundishwa kuchoma tuone kama kinanasa, baadaye ikaonekana ile ncha inaweza kuvunja lile tabaka la juu ambalo ndo tunalitegemea. Siku hizi tunaangalia kwa macho, mwanga mzuri, na eksirei kwa sehemu zilizobanana katikati ya meno. Kuna na vifaa vya leza, vinasaidia, lakini doa la kawaida la rangi linaweza kuvidanganya vikasema jino bovu, mi siwezi kutoboa kwa neno la mashine peke yake.

Kuhusu utafiti, swali hilo hilo la vanishi au kufunika mifereji lilishafanyiwa jaribio kusini mwa Wales, watoto zaidi ya 1,000 wa miaka 6 na 7, matokeo yakatoka 2017. Baada ya miaka 3 waliofunikwa asilimia 19.6 walikuwa na gego lililooza mpaka ndani, waliopakwa vanishi asilimia 17.5, yaani tofauti ambayo huwezi kuiita tofauti. Soma vizuri hapo, makundi yote mawili yanapata kinga ambayo tayari inajulikana inafanya kazi. Kompyuta inapanga kwa sababu daktari akipanga mwenyewe, bila hata kujua, atapeleka watoto wenye meno mabaya upande mmoja na majibu yanaharibika.

Baba_Zuu:
Mi nachangia kama mzazi tu. Wangu alikuwa na miaka 4 meno ya utoto yameoza mbele, tukaambiwa apakwe ile dawa ya fedha na floraidi, haitobolewi wala ganzi, dakika chache mmemaliza. Kuoza kukasimama kweli, ila sehemu iliyooza ikageuka nyeusi tii. Tuliambiwa mapema na tukakubali, lakini mama yake alilia siku ya kwanza kumwona anacheka. Kwa hiyo dada uliza, hicho watakachopaka kitaacha alama gani? Hilo watu wanasahau kuuliza.

Kisima:
Samahani daktari, mi namwelewa huyo baba anayekataa. Sweden baada ya 1945, hospitali ya Vipeholm, walichukua watu wenye ulemavu wa akili wakawapa pipi za kunata katikati ya milo mpaka meno yakaoza, ili wajue sukari inafanya nini. Hawakuombwa ridhaa. Na somo lililotoka pale, kwamba sukari ya mara kwa mara katikati ya milo ni mbaya kuliko ile ile ukiila na chakula, tunalitumia mpaka leo kila tunapomwambia mtoto aache kumung'unya pipi. Mi nikilifikiria linaniuma. Msiwacheke watu wakiogopa.

DaktariWaWadogo:
Kisima sikucheki hata kidogo, umesema kweli tupu na tunatakiwa kulikumbuka. Ndiyo sababu leo kuna fomu ya ridhaa na kamati ya maadili. Dada, uliza haya: naweza kumtoa katikati bila kunyimwa matibabu? Doa likigeuka tundu atatibiwa na nani? Nani anakagua, ni yule yule aliyempaka? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka usisaini. Na Baba_Zuu, vanishi hii haifanyi weusi, jino linaweza kuwa na unjano siku ile tu.

MamaWawili:
Asanteni sana, nimemsomea baba yake yote haya, amesema tutaenda wote Jumatatu ayaulize mwenyewe. Sasa mpaka Jumatatu nifanye nini nyumbani?

DaktariWaWadogo:
Mswaki mara mbili, wa usiku usikose, dawa yenye floraidi ppm 1,000 au zaidi (ppm ni kipimo cha kiasi cha floraidi, kimeandikwa kwenye boksi), kiasi cha punje ya njegere, ateme ila asisukutue na maji. Na umpigishe wewe, mkono wa miaka 7 bado haufiki kule nyuma. Gego likiwa bado linapanda linakuwa chini kuliko wenzake, mswaki ukienda mbele na nyuma unaliruka, kwa hiyo ingiza mswaki kutokea shavuni, ulisugue lenyewe kwa kukatiza.