Mjadala: Mabibi wa kikabaila wa Uingereza kabla ya 1066 walimiliki mali kweli, au walishikiwa tu?

Mleta mada
Wadau, wengi wetu tunaamini kwamba mwanamke wa Ulaya ya kale hakuwa na chake. Napinga, na shahidi wangu ni mama mmoja wa Herefordshire, enzi za Mfalme Cnut (1016–1035).

Mwanawe, Edwin, alimshtaki kwenye baraza la jimbo lililokaa Aylton, akidai ardhi ya Wellington na Cradley. Askofu akauliza nani atamsemea mama. Thurkil Mweupe akajibu kuwa angemsemea, ila madai hayajui. Basi wakachaguliwa makabaila watatu, wakapanda farasi hadi Fawley kumsikiliza mwenyewe.

Mama akawaambia hana ardhi yoyote inayomhusu Edwin, kisha akawaka. Akamwita Leofflæd, jamaa yake na mke wa Thurkil, akatamka mbele ya wageni wale kwamba akifa yeye, ardhi, dhahabu, nguo na kila alichonacho ni vya Leofflæd. Mwanawe wa kumzaa, hata sindano! Akawaagiza wakaufikishe ujumbe barazani kiungwana. Baraza likakubali, na Thurkil akaenda kanisa kuu la Hereford kuuandikisha kwenye kitabu cha Injili.

Asiye na mali atamnyima nani urithi?

Mchangiaji wa 2
Mkuu, kesi tamu, ila isome tena. Mama hakufika barazani. Aliyesimama, akaomba uamuzi na kukimbilia kuuandikisha ni Thurkil, mume wa mrithi! Ardhi ilihama kwa mama, lakini nani aliondoka anachekelea?

Halafu huyo ni mmoja. Mfalme Alfred, aliyefariki 899, aliandika kwenye wasia wake kwamba babu yake aliiacha ardhi upande wa mkuki, si upande wa pia ya kusokotea uzi, yaani kwa wanaume, si kwa wanawake. Na sensa kubwa ya ardhi ya 1086 inaonyesha kuwa mwaka 1066 wanawake walishika kama asilimia 5 tu, nyingi ikiwa ya mabibi wakubwa wachache kama Malkia Edith na Godgifu, mjane wa mtawala wa Mercia. Hao wachache hawathibitishi kanuni.

Mchangiaji wa 3
Mimi nawashangaa wote wawili. Mali mnayoizungumzia ni ardhi tu? Fungueni wasia wa Wynflæd, wa karne ya 10. Kuna mashamba, nguo na farasi, na humo humo kuna mfumaji aitwaye Eadgifu na mshonaji aitwaye Æthelgifu, wanarithishwa kama makasha ya nguo. Ni kweli aliwaacha huru watumwa wengi, lakini hao wawili hawakuwamo. Uhuru wa bibi mkubwa ulisukwa na mikono ya wanawake wengine. Hilo mbona halimo kwenye mada?

Mchangiaji wa 4
Dada amegonga penyewe. Nami naongeza mjane mwingine, jina lake pia Æthelgifu, si yule mshonaji. Mpwa wa marehemu mumewe alimnyang'anya shamba la Standon. Mama akakata rufaa kwa mfalme na kumpa pauni 20, ndipo likarudi. Kwa mjane asiye na pauni 20, habari ingeishia hapo hapo.

Mleta mada
Nimewasoma. Kuhusu watumwa sina utetezi. Mada yangu ilihusu tabaka moja, na tabaka hilo liliwamiliki wenzao.

Lakini Mchangiaji wa 2, unapima kwa ukubwa wa eneo wakati mimi nauliza haki. Sheria za Cnut zilikataza mwanamke kulazimishwa kuolewa na asiyempenda, au kuuzwa. Kulikuwa pia na zawadi ya asubuhi baada ya harusi, ambayo mume alimpa mke mwenyewe, kama mahari ya Kiislamu inavyokuwa ya bibi harusi. Walakini ilikuwepo: mjane akiolewa kabla ya mwaka kwisha, aliipoteza pamoja na yote aliyopata kwa mume wa kwanza.

Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi mwaka 1066, sheria ya Uingereza ikafika mahali mke akiolewa, mali yake inayohamishika inakuwa ya mume. Ilibidi isubiriwe sheria ya 1882 kulirekebisha hilo, ile ile ambayo mahakama za Kenya ziliitumia hadi ilipokuja sheria yao ya 2013.

Mchangiaji wa 2
Haki ipo, sawa. Ila bado hujanijibu kuhusu Thurkil.