Kukimbia Skyline Trail (Blue Hills) majani yakiwa chini, naombeni ushauri

NyayoZaIringa: Wakuu habari za wikiendi. Niko Quincy, Massachusetts, nimezoea lami tu, nusu marathoni namaliza vizuri. Jumamosi nataka nikimbie Skyline Trail yote, ile njia ya miguu ya vilima vya Blue Hills, Quincy mpaka Canton, kama maili 9 hivi. Majani ya Oktoba yamekuwa mekundu na njano mpaka raha ila yameshaanza kumwagika na nasikia njia yenyewe mawe matupu. Viatu vya lami vinatosha? Nimepanga nitumie muda wa saa moja na nusu.

Mama_Mialoni: Kaka hiyo hesabu ya lami iache kabisa. Ile njia haizunguki vilima, inapanda kila kilele, Chickatawbut, Buck, Tucker, Hemenway, ukishuka tu unaanza kupanda tena. Great Blue Hill, kile kirefu kuliko vyote, ni futi 635 tu lakini utafika umeshachoka vibaya, na kuna sehemu utashika mwamba kwa mikono. Weka muda wa saa tatu. Viatu chukua vyenye soli ya meno, maana majani yaliyolowa juu ya granite yanateleza sana, na chini yake kuna zile kokwa za mialoni zinaviringika kama gololi. Hatua fupi fupi, macho mbele kidogo sio kwenye vidole, na mteremko ukiwa mkali tembea tu hakuna anayekudai.

kupe_hapana: Naongezea. Majani yakifunika njia huioni kabisa, fuata alama za rangi ya bluu kwenye miti na mawe, ukienda kitambo bila kuona alama rudi pale ulipoiona mwisho, usibahatishe. Halafu watu wanadhani baridi ikianza kupe wamekwisha, hapana!! Kupe wa kulungu waliokomaa wanazagaa sana Oktoba na Novemba na ndio wanaleta ugonjwa wa Lyme. Soksi ndefu, ukirudi jikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwenye nywele.

Mkenya_wa_Randolph: Mkuu ukiahirisha mpaka Novemba, ujue huku wakisharudisha saa nyuma kwa saa moja, saa kumi na moja jioni tayari giza, beba taa ya kichwa. Na kati ya Novemba na Desemba kuna siku wanaruhusu kuwinda kulungu humo, angalia tarehe kwanza na uvae rangi ya chungwa inayong'aa. Lakini wewe nenda tu, pale juu ya Buck Hill miti haikuzuii, unaona Boston yote na bahari, na Great Blue Hill kuna kituo cha hali ya hewa kinapima tangu 1885, simama kidogo ukione.

NyayoZaIringa: Asanteni sana, dada Mama_Mialoni nimekuelewa, viatu naenda kununua kesho. Naanza saa mbili asubuhi. Kuna mtu yuko tayari tuache gari moja Canton tukimbie wote?

Mama_Mialoni: Mimi nipo, nicheki inbox.