Kupima soko la saruji kwa mipaka ya mikoa

Swali: Viwanda 2 vya saruji vinataka kuungana. Tukipima ushindani kwa mipaka ya mikoa, inatosha?

Jibu: Haitoshi, lori halijui mkoa. Kwa kila kiwanda, chora eneo linalopokea asilimia 80 ya tani kinazouza, ukipima umbali kwa saa za barabarani, si kwa kilomita. Mto usio na daraja huliharibu duara lililochorwa kwa kilomita. Kisha pandisha kinadharia bei ya saruji yote ya eneo hilo kwa asilimia 5 hadi 10. Wateja wakikimbilia wauzaji wa nje ya eneo hadi nyongeza isilipe, panua eneo, urudie.

Muulizaji: Ankara zinaonyesha ofisi ya mnunuzi tu, si mahali saruji iliposhushwa.

Jibu: Basi tumia hati za kushushia mzigo.

Jibu jingine: Tafadhali, ramani hiyo ya soko msiitumie kupimia uchafuzi wa viwanda. Vumbi hufuata upepo, majitaka hufuata bonde la mto.