Baba na mashine yake melini

*Kikundi: Ukoo wa Kanyigo*

JUMANNE

Mama Neema: Shikamooni wazazi wangu. Tiketi zimepatikana. Alhamisi asubuhi tunaruka Dar–Mwanza, tunashinda kwa Mjomba, usiku tunapanda meli ya Bukoba. Ijumaa tuko kijijini Kanyigo, Jumamosi harusi.

Shangazi Kanyigo: Marahaba mwanangu. Chumba cha kaka nimeshakitandika.

Baba: Marahaba. Ile mashine yangu ya kunisukumia hewa usiku, CPAP, nafikiri nitaiacha. Ni siku nne tu, na melini tunalala chumba kimoja na watu tusiowajua.

Mama: Mume wangu, naomba isiachwe. Mwaka jana msibani tuliiacha hivyohivyo, kwamba ni siku tatu tu. Ulikuwa unakoroma, halafu kimya. Nikawa nahesabu gizani. Usiku mmoja nilifika ishirini na tano ndipo ukashtuka na kuvuta pumzi kama mtu anayeibuka majini. Siku ya tatu ulisinzia umekaa, kikombe mkononi, chai ikakumwagikia mapajani. Sitaki kuhesabu tena.

Mama Neema: Baba, hii si dawa kwamba nguvu yake inabaki mwilini siku mbili tatu. Inasukuma hewa ili koo lisijifunge ukiwa usingizini. Ukilala bila hiyo, koo linajifunga usiku huohuo. Na una presha.

Baba: Nimeelewa. Lakini watu watasemaje wakiniona na bomba usoni?

Shangazi Kanyigo: Kaka, marehemu baba yetu alikoroma miaka yote ile, anakatika pumzi, sisi watoto tukisema leo mzee kalala fofofo. Hakuna aliyejua kuwa ni ugonjwa. Wewe umejua, na una mashine. Ivae.

Baba: Sawa dada. Nitaivaa. Sasa umeme wa melini ukiwa mbali na kitanda?

Mama Neema: Tuna betri, na nimeijaribu hapa nyumbani siku mbili. Jumapili tuliwasha na kile kipasha maji cha kitangini, kinachoipa hewa unyevu, betri ikaisha saa nane usiku. Jana tukakizima, kitangi kikavu kabisa. Baba kalala saa nne, kaamka saa kumi na mbili, betri imebaki robo. Kinachokula umeme ni kupasha maji, kupuliza hewa kunakula kidogo. Kwa hiyo melini hatutii maji. Tena meli ikiyumba yangeingia ndani ya mashine. Koo litakauka kidogo, tutaweka chupa ya maji ya kunywa karibu.

Kaka Toronto: Shikamooni. Dada, hiyo betri usiiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Betri za akiba za lithiamu zinakaa na abiria ndani. Angalia pembeni palipoandikwa Wh, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Mpaka 100 huhitaji kuomba ruhusa. Ikizidi 100 mpaka 160, shirika la ndege lazima likubali kwanza.

Mama Neema: Imeandikwa 97.

Kaka Toronto: Basi vizuri. Mashine nayo ibebe mkononi.

Mama Neema: Hilo tulishajifunza kwa uchungu. Safari ya Dodoma niliiweka kwenye buti la basi, kitangini kuna maji. Tulipofika na kuiwasha ikawa inabubujika ndani. Baba alilala bila mashine siku mbili, na kosa lilikuwa langu. Siku hizi namwaga maji, nakausha kitangi kwa kitambaa, nakifunga peke yake. Barua ya daktari ninayo, na picha yake iko kwenye simu. Uwanjani wakitaka mashine itolewe begini ipite kwenye eksirei, naiacha ndani ya mfuko safi wa nailoni. Barakoa inakaa puani kwa Baba, sitaki ilale kwenye trei ambayo viatu vimepita.

Mjomba Mwanza: Mpwa wangu, maji ya hiyo mashine niwanunulie? Hapa sheli wana maji ya betri.

Mama Neema: Hapana Mjomba, hayo naomba usinunue kabisa. Ni ya gari, na chupa zake zinafanana na za asidi. Yanayotakiwa ni yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, nitabeba chupa mbili za kutosha Kanyigo. Yakiisha tutachemsha ya kunywa ya chupa, yapoe, kila asubuhi tunamwaga. Kwa siku chache hayana shida. Ya bomba yanaacha chokaa.

Mjomba Mwanza: Nimekuelewa. Basi nitawapokea na sato.

Shangazi Kanyigo: Huku umeme unakatika. Na soketi iko upande wa mlango, kitanda kiko dirishani.

Mama Neema: Nabeba ekstensheni. Umeme ukiwepo mchana tunachaji betri. Ukikatika usiku na betri imeisha, Baba avue barakoa, asilale nayo. Shangazi, tutahitaji kigoda kifupi. Mashine ikae chini ya usawa wa kitanda, ili maji yanayojikusanya kwenye bomba yasirudi puani. Sakafuni hapana, itavuta vumbi kwenye chujio.

Shangazi Kanyigo: Kigoda cha jikoni kitafaa.

  

IJUMAA

Mama: Niliamka saa tisa. Meli inanguruma, watoto wa jirani wanalia, lakini nilisikia ile hewa inapita polepole, haikatiki. Sikuhesabu. Nikageukia ukutani nikalala.

Baba: Tumefika bandari ya Kemondo, karibu na Bukoba. Nimelala vizuri. Kijana wa kitanda cha juu kaniuliza mashine inauzwa wapi, mama yake anakatika pumzi usiku. Nimemwambia ampeleke kwanza akapimwe usingizi, maana nguvu ya hewa daktari ndiye anayeipanga kwa kila mtu. Kaniomba aiguse barakoa, nikamruhusu.

Mama Neema: Shangazi, betri imebaki kidogo. Umeme upo?

Shangazi Kanyigo: Upo tangu alfajiri. Njooni upesi muichaji. Kigoda nimekifuta vumbi, kiko tayari kando ya kitanda.